Mguu wa Kulia wa Mama Breki

Wanafunzi wake walimpa jina la Mama Breki, na mwanzoni lilikuwa jina la heshima. Gari la kufundishia udereva lina breki mbili: moja ya dereva, nyingine chini ya miguu ya mwalimu anayekaa pembeni. Mama huyu alijulikana shule nzima kwa kuigusa ya kwake pale tu mambo yanapokuwa yameharibika kabisa. Walimu wengine hukanyaga ovyo kama wanaua mende. Yeye alimwacha mwanafunzi akosee, ajue amekosea, atoke jasho, ndipo mguu wake ushuke taratibu. Mtu alitoka mikononi mwake akiwa dereva, si abiria aliyeshikishwa usukani.

Siku hizi jina lilikuwa limegeuka dhihaka. Alikanyaga kwa paka aliyelala zake kivulini. Alikanyaga kwa mfuko wa plastiki, kwa kivuli cha nguzo ya umeme, kwa kitu ambacho yeye mwenyewe hakukijua. Wanafunzi walirushwa mbele mpaka mikanda ikawabana vifua, na mama mmoja mtu mzima, muuza vitambaa, aliteremka katikati ya somo akasema yeye alikuja kujifunza gari, hakuja kutikiswa kama chupa ya dawa ya kikohozi.

Na huo mguu haukujua kutoka kazini. Mezani ulikuwa unasukuma sakafu. Kwenye foleni ya benki ulisukuma sakafu, watu wakamtazama. Usiku ulisukuma chochote kilicho mbele yake, na kilichokuwa mbele yake kwa kawaida ni mume wake, fundi makochi, mtu mpole mwenye misumari midogo mdomoni kuanzia asubuhi. Fundi alivumilia, kisha akahamisha shuka zake sebuleni. Alisema ni joto. Joto gani, na feni iko chumbani? Mke hakuuliza, na mume hakueleza.

Mwenye shule alimwita ofisini akafunga mlango. "Mwalimu, mimi nakuheshimu, unajua. Lakini malalamiko yamenifika hapa," akajishika shingoni. "Mwisho wa mwezi nitapanda mwenyewe, nikae kiti cha nyuma. Nikiona bado, nakuhamishia darasani ukafundishe alama za barabarani."

Darasani! Kusimama mbele ya picha za pembetatu nyekundu na fimbo mkononi, mchana kutwa, wakati gari linatoka getini na mtu mwingine kwenye kiti chake. Kwake yeye huko kulikuwa kuzikwa akiwa hai. Alirudi nyumbani, akafua nguo ambazo zilikuwa safi.

Ungemuuliza imeanzia wapi, angekujibu haraka: hakuna kilichotokea. Na kweli. Alikuwa na mwanafunzi kinyozi, kijana mwenye mikono myepesi kichwani mwa watu na mizito kwenye usukani. Wakapita mtaa wa mafundi wa kuchomelea, mwendo wa pole. Mtoto wa kike mwenye sweta la njano akatokea katikati ya barabara, anatembea kinyumenyume, anavuta kamba, na mwisho wa kamba kuna boksi lililotobolewa madirisha kama gari. Kinyozi akataka breki, mguu ukaangukia mafuta. Mwalimu akakanyaga ya kwake. Gari likasimama. Kinyozi alisimulia ofisini kwa vicheko, akanunulia watu soda, na kila mtu akasema Mungu mkubwa. Mama Breki alicheka pamoja nao. Jioni hiyo hiyo, akikata vitunguu, mguu ukaanza.

Mdogo wake, anayeuza kwenye duka la dawa, ndiye aliyemtajia mshauri nasaha. "Dada, unaongea naye kwa simu, kwa video. Mnaonana. Mimi alinishika mkono nilipofiwa."

"Mimi sijawa kichaa."

"Nani kasema? Jino likikuuma unakwenda kwa daktari wa meno. Kuna mtu alishakuita kichaa wa meno?"

Alitaka kununa, akashindwa, akacheka. Mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia, kwa hiyo akaandika ujumbe, akaufuta, akauandika tena. Mshauri akajibu kwa upole, akampa saa ya jioni, akamwomba atafute sehemu tulivu ambako atakuwa peke yake.

Sehemu tulivu! Nyumba ile ukipiga chafya chumbani, jikoni wanakuambia afya. Akaona hakuna chumba kama gari. Gari la shule alirudi nalo kila jioni, likalala uani, chini ya ukuta wa jirani. Akafunga vioo, akaweka simu kwenye kishikio chake mbele, akakaa. Na kwa mazoea, bila hata kufikiri, alikaa kiti cha mwalimu.

Alikuwa amejiandaa kama anakwenda kwenye mtihani. Blauzi imepigwa pasi, nywele zimechanwa, na kichwani amepanga sentensi za kujieleza, zenye mwanzo na mwisho, ili asipotezewe alama. Kioo cha simu kikawaka. Akaona mwanamke wa makamo, miwani imeteremka puani, nyuma yake pazia la kawaida na shubaka lenye vitabu vilivyolaliana. Jogoo akawika upande ule.

"Samahani kwa huyo," mshauri akasema. "Hajui saa za kazi. Karibu sana, dada. Kabla ya yote, upo mahali ambapo hakuna anayekusikia?"

"Nipo kwenye gari. Limesimama," akaongeza haraka, maana hakutaka aonekane mwalimu anayeongea na simu barabarani.

Mshauri akatabasamu. Akamweleza watakavyokwenda. Mtandao ukikatika, atampigia simu ya kawaida, asije akadhani ametupwa. Akitaka kuzima kamera, azime. Watakayoongea yatabaki kwake, ila akiona uhai wa mtu uko hatarini, hapo itabidi amhusishe mwingine, na atamwambia yeye kwanza. "Na ukitaka kunyamaza, nyamaza tu."

"Ninyamaze? Na muda unakwenda?"

"Muda ni wako."

Jibu hilo lilimkera. Akangoja maelekezo. Hayakuja. Akakaa vizuri, akangoja tena. "Sasa nifanye nini?"

"Ungependa tuanzie wapi?"

Hapo karibu akate simu. Tangu lini mwalimu anamuuliza mwanafunzi tuanzie wapi? Yeye angemuuliza mwanafunzi wake hivyo, wangeanzia kwenye mtaro. Lakini alishakaa, na blauzi ilishapigwa pasi, basi akamwaga yote kwa pumzi moja, kama anayetoa maelezo polisi: mtaa, kinyozi, boksi, breki. "Gari likasimama. Hakuna kilichotokea," akamaliza, akangoja yule mama acheke au amwambie amshukuru Mungu aende zake.

Mshauri hakucheka. "Pole sana," akasema.

"Pole ya nini? Mtoto mzima, hajachubuka hata ukucha."

"Pole yako wewe."

Alikasirika. Alikasirika kweli, akageuza shingo akatazama ukuta wa jirani. Watu walimpa hongera, walimpa soda, walimpa jina. Pole hakuna aliyempa, na hakuwa amejua kwamba alikuwa anaingoja. Akaihamisha mada mbio mbio, akamsema mwenye shule, akawasema wanafunzi wa siku hizi, akamsema hata fundi makochi na joto lake. Mshauri alimsikiliza bila kumkatiza, akimrudisha polepole kila alipopotea mbali.

Muda ulipokaribia kwisha akauliza, "Kwa hiyo nimefaulu?"

Sasa mshauri akacheka, na haikuuma. "Hapa hakuna mtihani. Mguu ukianza, usigombane nao. Toa pumzi taratibu, halafu taja kwa sauti vitu unavyoviona mbele yako. Vya kweli tu, vilivyopo. Tutaona wiki ijayo umekwendaje."

Ndiyo tiba hiyo? Alitoka garini hajaridhika hata kidogo. Hakupewa kidonge, hakupewa amri, hakuambiwa ana ugonjwa gani. Asubuhi akawasha gari, gari likakohoa likanyamaza. Betri imekufa. Fundi makochi na jirani wakasukuma mpaka barabarani, misumari mdomoni, na yeye akamlaani aliyemuuzia betri ile kwa maneno ambayo blauzi safi haikuyastahili.

Wiki hiyo ilikuwa ndefu. Alilala vipande vipande. Alipanga makabati, akayapangua. Darasani kwake barabarani, alijaribu lile la kutaja vitu, kwa sauti ya chini, akiona aibu: "Lori. Mama na mwavuli. Mbuzi." Mwanafunzi akadhani ni somo jipya, akaanza kuitikia, "Nimemwona, mwalimu." Lilisaidia kidogo. Halafu sweta lolote la njano likipita, hata liwe la mzee, mguu unashuka mpaka chini na wote wanarushwa kichwa mbele. Mwisho wa mwezi ukawa Jumatatu inayokuja.

Jumamosi jioni akarudi kwenye kiti kile kile. Safari hii mtandao ulikuwa mbovu. Uso wa mshauri ukaganda mdomo wazi, kisha ukapotea. Alikaa anatazama kioo cheusi, akisema moyoni basi, na huyu naye. Simu ikaita. "Nipo," mshauri akasema. "Nilikuahidi." Wakaendelea kwa sauti tu, na pengine hilo lilimrahisishia.

"Naomba unisimulie tena siku ile," mshauri akasema. "Lakini polepole. Usikimbilie mwisho. Na ukiona imekuzidi, tunasimama."

Akasimulia. Mikono ya kinyozi inayotoka jasho. Cheche za wachomeleaji. Sweta. Kamba. "Nikakanyaga. Gari likasimama. Hakuna kilicho..."

"Subiri kidogo. Gari limesimama. Halafu?"

"Halafu mtoto akaondoka."

"Katikati hapo?"

Akanyamaza. Alishaambiwa kwamba anaweza kunyamaza, na sasa alijua ni kazi nzito kuliko kusema. Jogoo wa watu akawika. Mshauri hakumharakisha, na kwa mbali alisikika akipumua, kwa hiyo alijua hajaachwa.

"Nilifumba macho," akasema.

Hilo hakuwahi kumwambia mtu. Kila mwanafunzi wake, siku ya kwanza kabisa, kabla hajagusa ufunguo, alimwambia: mkono unaweza kukosea, mguu unaweza kukosea, lakini macho yasifumbwe. Na yeye, mwalimu wao, alifumba. Mguu ulikanyaga gizani.

"Ulifumba kwa muda gani?"

"Muda wa kumzika." Sauti yake ilimshangaza mwenyewe. "Nilimzika. Nilimtoa chini ya gari, nikambeba na lile sweta, nikampelekea mama yake. Nilimwona mama yake akiniangalia. Yote hayo. Nikafumbua macho, namwona mgongo tu, anaondoka. Sijawahi kumwona uso. Kila mtu anasema yupo mzima. Mimi nilichokiona ni maiti." Akalia, na machozi yakaanguka kwenye blauzi.

"Nakusikia," mshauri akasema. "Hayo umeyabeba peke yako muda wote huu, na watu wanakununulia soda. Kwako mtoto yule alikufa kwanza, ndipo akaja kuwa mzima. Mguu wako bado uko kwenye ile sehemu ya kwanza."

Alitaka kujibu, lakini kioo cha gari kikagongwa. Alikanyaga breki mpaka mwisho.

Nje alisimama mume wake, misumari haipo mdomoni, uso umemkakamaa. "Fungua," akasema.

"Mume wangu kaja," akamnong'onezea mshauri.

"Ni uamuzi wako. Huna deni la kumweleza mtu yeyote. Tunaweza kuishia hapa leo, na wiki ijayo nipo." Akaaga, akakata.

Fundi akazunguka, akakaa kiti cha dereva, akashika usukani asioujua. "Jumamosi iliyopita nimeona taa nyekundu ukutani kwa jirani," akaanza, akitazama mbele. "Zinawaka, zinazima. Gari halijawashwa. Nikasema labda macho yangu. Asubuhi betri imekufa. Leo tena, zinawaka, zinazima, na wewe ndani unanong'ona na simu. Niambie tu ukweli. Una mtu?"

Mama Breki akageuka akatazama nyuma. Akakanyaga: ukuta wa jirani ukawa mwekundu. Akaachia: ukapotea. Saa nzima, wiki mbili, alikuwa anawasha taa za breki mtaa mzima uone, mwalimu wa udereva mwenye leseni ya miaka na miaka, na amemtukana muuza betri wa watu bure.

"Mtu! Mimi? Na mguu huu?" Kicheko kilimtoka kikiwa na makamasi.

"Basi ni nini? Usiku unanipiga mateke. Nikasema huyu mwanamke kanichoka, siku hizi hanigusi ila kwa teke. Nikaenda zangu kochini."

"Ulisema ni joto!"

"Ningesema nini? Mke wangu, mbona unanipiga?"

"Na mimi nikajua umenichoka wewe."

Wakatazamana kama watu waliokuwa wanasubiriana vituo viwili tofauti. Kisha akamwambia yote, pamoja na macho. Fundi hakusema Mungu mkubwa. Alimfuta pua kwa kitambaa cha kufungia sponji, kikamwasha, akasema, "Kesho twende tukamwone huyo mtoto." Mke akamtumia mshauri ujumbe kumuuliza kama ni salama. Jibu likaja: waende tu kama yeye mwenyewe anataka, wasimtishe mtoto, na akisikia imemshinda arudi, kurudi si kushindwa.

Jumapili walikwenda kwa miguu. Mtaa ule Mama Breki alikuwa ameukwepa tangu siku ile, na sasa kila hatua mguu wa kulia ulitaka kugoma. Mara mbili aligeuka, fundi akageuka naye, wakasimama, wakageuka tena. Wachomeleaji wengine walikuwa wamefunga, mmoja alikuwa anapaka rangi geti. Akainua kofia. "Wewe si yule mwalimu wa gari? Mama, siku ile mguu wako ulikuwa na malaika. Yule pale mtoto mwenyewe."

Alikuwa amechuchumaa kwenye ngazi ya duka, anakula muwa. Hana sweta. Fundi makochi akabaki nyuma. Mama Breki akasogea mpaka akawa mbele yake, macho kodo, akaogopa hata kupepesa.

Mtoto akainua uso. Meno mawili ya mbele hayapo. Kovu dogo juu ya nyusi, la zamani, si la gari. Maji ya muwa yanamchuruzika kidevuni.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba." Sauti ilikwama, akairudia ili iwe sahihi. "Marahaba, mwanangu."

Mtoto akamkagua, akaacha kutafuna. "Nyinyi ndio mlionivunjia gari langu."

Mwanamke yule alikuwa amejiandaa kwa kila kitu ila hilo. Boksi! Lilikuwa limekwenda chini ya bampa, na watu wazima wote wakashangilia, na hakuna hata mmoja aliyemwambia mwenye gari neno. Basi kuna kilichotokea. Akachuchumaa pale vumbini, wakawa uso kwa uso. "Ndiyo. Ni mimi. Pole sana, mama."

Mtoto akaifikiria pole ile kwa makini, akauma muwa. "Nimeshapoa," akasema. "Nilitengeneza lingine."

Usiku ule fundi makochi alirudi chumbani na mto mgumu wa kochi, akauweka katikati yao kama ukuta. Mto ulipigwa teke mara kadhaa, ukavumilia. Hakuna aliyesema mambo yamekwisha. Jumamosi ijayo ilikuwa tayari imepangwa na mshauri, na Jumamosi nyingine baada yake.

Jumatatu mwenye shule akapanda kiti cha nyuma, akafunga mkanda, akashika na mpini wa mlango. Kwenye usukani aliwekwa mama wa vitambaa, amekunja uso. Mama Breki alitoa pumzi, akaanza kutaja kwa sauti ya kawaida, haoni tena haya: lori, nguzo, mzee na fimbo. Kwenye kona ya soko mvulana wa baiskeli akachomoza kutoka nyuma ya kibanda. Mguu wa kulia ukainuka, ukakaa juu ya breki, ukatetemeka, ukangoja. Mama wa vitambaa akashtuka, akakanyaga mwenyewe, gari likasimama vizuri, na mvulana akapita zake akipiga kengele.

Nyuma mpini wa mlango ukaachiwa polepole. Kisha mwenye shule akasema, roho juu, "Mwalimu, ina maana wewe yule mtoto hukumwona?"

"Nilimwona," akasema.